Walituambia Papo Hapo

Jua lilikuwa linafunga virago Bwana Gundi alipotoka kwenda kuchukua mzigo wake, na alichelewa kwa sababu ya kawaida kabisa: kidole chake cha shahada kilikuwa kimeganda kwenye kikombe cha chai.

Msicheke. Mtu ambaye kazi yake ni kuunda ndege za kijeshi za plastiki, zile ndogo za kukaa mezani, halafu kuandika kwenye jarida kama zinafaa au ni takataka, hupatwa na mambo kama hayo. Wenzake hutoka nyumbani na begi. Yeye nusura atoke na kikombe.

"Iko siku utanigandisha na mimi," mkewe alimwambia, akimmiminia maji ya moto kidoleni.

"Wewe nilikugandisha zamani. Hayo maji ya moto hayakubandui ng'o."

Mkewe akacheka. Kicheko kifupi, cha puani tu. Lakini katika nyumba ile kicheko cha puani kilikuwa sherehe.

Mtaani mwanamke huyu aliitwa Mama Rubani. Binti yao, wa kwanza na wa mwisho, alikuwa rubani wa ndege za mizigo za jeshi, na siku alipoteremka ngazi za ndege amevaa ile ovaroli ya kijani, baba yake alipiga vigelegele mbele ya maafisa mpaka akaombwa akae. Kisha ukaja msimu ule wa mvua, ndege ikaingia kwenye mawingu upande wa milimani, ikatoka vipandevipande. Majirani wakapata taabu ya jina. Waendelee kumwita Mama Rubani? Waache? Mshona viatu wa kona alijaribu kumwita shangazi, akaona haya mwenyewe. Mwisho waliendelea na lilelile, ila kila mmoja alilitamka taratibu, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Jeneza lilikuja limepigwa misumari, na amri kwamba lisifunguliwe. Afisa aliyelileta alikuwa kijana mwenye viatu vya kung'aa. Alisimama mlangoni, akatazama viatu vyake, akasema:

"Ilikuwa papo hapo, mama. Hakuhisi kitu."

Papo hapo. Maneno mawili tu. Mama Rubani aliyashika kama anayezama anavyoshika ubao. Ndiyo yaliyomrudisha jikoni, ndiyo yaliyomlaza usingizi. Watu walipokuja kumpa pole, yeye ndiye aliyewatuliza: "Lakini ilikuwa papo hapo." Mumewe naye aliyafanya egemeo. Mtu akiwa na maneno mawili tu duniani, usimwombe hata moja.

Basi Bwana Gundi akafika kwenye dirisha la mizigo la posta akihema, msichana wa mizigo akiwa ameshashusha nusu ya wavu.

"Mzee Gundi! Leo umegandia wapi?"

"Nitagandia hapahapa dirishani pako usiponipa kitabu changu, halafu kesho wateja wote wanunue stempu kupitia kwapani kwangu."

Msichana akacheka, akamsukumia kitabu. Kilikuwa kinene kama tofali: historia ya ndege za mizigo za kijeshi, tangu zile za turubai na kamba mpaka za leo. Mhariri wa jarida alikuwa amemtumia akisome na kukihakiki.

"Na lile boksi lako lingine," msichana aliongeza, akivuta wavu, "amelishika yule mama pale nje. Kasema atakukabidhi mkono kwa mkono."

"Boksi gani lingine?"

Lakini wavu ulikuwa umeshafika chini.

Nje, kwenye benchi, aliketi mwanamke wa makamo aliyejifunga shali nyeusi. Boksi lilikuwa mapajani, limefungwa uzi. Bwana Gundi alisikia harufu kabla hajasikia sauti. Mafuta ya ndege... na plastiki iliyoungua.

"Wewe ndiye usiyeacha kipande?" mwanamke alinong'ona.

Swali hilo lilimfurahisha, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Katika wahakiki wa ndege za plastiki kuna wanaojenga wapendavyo: kipande kikiwasumbua wanakitupa, kingine kikiwapendeza wanakiongeza. Bwana Gundi hakuwa hivyo. Kanuni yake ilijulikana na kila msomaji wa jarida: kilichomo boksini ndicho kinachojengwa. Hakiongezwi, hakipunguzwi. Utajuaje chakula ni kitamu kama umemwagia pilipili yako? Aliwahi kupachika kiti cha choo ndani ya ndege ya kivita, mahali ambapo hakuna jicho la binadamu lingekiona tena, kwa sababu tu kilikuwemo boksini.

"Ndiye mimi, dada yangu. Hata mavumbi ya boksi nayapaka rangi."

Mwanamke hakutabasamu. Alimwekea boksi mikononi. Lilikuwa na joto, kama kitu kilichokaa juani, na jua lilikuwa limeshazama.

"Usiache kitu," alisema. "Nitalifuata."

"Lakini ni la kampuni gani? Nani kalitu..."

Alishaondoka. Alitembea polepole, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza jambo lililo mbali.

*

Boksi halikuwa na jina la kampuni wala picha. Ndani mlikuwa na vipande, vimeshikana kwenye fremu zake kama vifungo kwenye kadi ya fundi cherehani. Bwana Gundi alikiweka kimoja chini ya taa, akakunja uso. Plastiki mpya ina rangi moja. Hii ilikuwa ya kijivu yenye mishipa, nyekundu hapa, manjano pale, kama imeyeyushwa kutoka kwenye vitu vingi tofauti. Na haikunuka upya. Ilinuka moto.

Lakini vipande vilikaa! Ubawa uliingia kwenye ubavu kwa mlio wa *tk* bila kusukumwa. Milango, magurudumu, propela, kila kitu kilijua kwao. Katika miaka yote ya kazi hiyo, ya kukata, kukwangua na kulaani, hakuwahi kuona boksi tiifu namna ile.

Ilikuwa ndege ya mizigo ya aina aliyoirusha binti yao.

Hilo alilitambua mapema, akalimeza. Kisha akageuza karatasi ya stika, zile namba zinazobandikwa mkiani, na mkono wake ukasimama hewani.

Namba ya mkiani.

Aliijua namba ile kuliko ya simu yake mwenyewe.

Mwenye busara angelifunga boksi, alipeleke mbali, arudi anawe mikono kwa chumvi. Ila busara na ubaba havilali kitanda kimoja. Mwonyeshe baba njia ya kumsogelea mwanawe, hata hatua ya sisimizi, ataipita hata ikiwa ya miiba. Aliikunja ile karatasi, akaendelea kujenga. Hakumwambia mkewe.

Mhariri alipopiga simu, alikuwa analainisha ubawa.

"Kaka, nasubiri uhakiki! Unasoma kitabu au umekilalia?"

"Nakisoma. Na hili boksi la pili ulilonitumia, nalo karibu namaliza."

"Boksi gani? Sijakutumia boksi, kaka. Nimekutumia kitabu."

Bwana Gundi alitazama ndege mezani. Ilielekea upande wake. Alikuwa na hakika aliiacha ikitazama dirisha... Lakini naye siku hizi alisahau hata miwani ikiwa puani.

"Basi nimechanganya," alisema, akakata simu.

Kitabu alikisoma sambamba na ujenzi, kama kawaida yake. Kilikuwa kizuri, picha nyingi, mwandishi anajua kutofautisha injini na sufuria. Kwenye sura ya mwisho aliikuta ajali ya binti yao. Mstari mmoja tu. Ndege ya mizigo, milimani, mvua kubwa, watu wawili, rubani na fundi wake. Wote walifariki papo hapo.

Alimsomea mkewe kwa sauti. Mama Rubani alikuwa anakunja nguo. Alisimama kidogo, shati kifuani.

"Soma tena hapo mwisho."

"Wote walifariki papo hapo."

"Ee. Si unaona? Hata kitabuni yamo." Akaendelea kukunja, uso umetulia kama maji ya mtungini.

Chini kabisa ya boksi, kwenye kijifuko, mlikuwa na watu wawili, wadogo kuliko njugu.

Mmoja alikuwa rubani, ameketi. Bwana Gundi alimshika kwa kibanio, akavaa miwani ya kukuzia. Watu wa kwenye maboksi huwa wote wamefanana, vidume wenye videvu vya mraba kama sabuni. Huyu alikuwa na kifundo cha nywele chini ya vipokea sauti. Na mguu wa kushoto alikuwa ameukunja chini ya paja. Hakuna rubani anayekaa hivyo. Binti yao ndiye aliyekaa hivyo, mezani, garini, kanisani, mpaka wakachoka kumkemea.

"Mama," alinong'ona. Ndivyo alivyomwita tangu mtoto, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. "Mama, kaa vizuri."

Wa pili alikuwa mwanamume aliyepiga magoti, ngumi moja juu. Chini ya goti lake palitokeza kijipini, na ndani ya tumbo la ndege, nyuma ya ukuta wa chumba cha rubani, palikuwa na tundu la kukipokea. Mjenzi mwingine angeshangaa kidogo, akamweka kando. Humo tumboni hamna dirisha, huyu mtu ataonwa na nani? Lakini kilichomo boksini ndicho kinachojengwa. Bwana Gundi alimpachika. Kisha akaunganisha nusu mbili za kiwiliwili, akazibana kwa mpira, akapitisha msasa kwenye kiungo mpaka ukucha usingeweza kuhisi mstari.

Kazi safi. Ndani ya tumbo lile haukubaki upenyo hata wa kupitisha unywele.

*

Namba ilikuwa imeshabandikwa mkiani; kilichobaki ni kioo cha mbele. Alikibandika jioni, watu wanarudi kutoka makazini, na mtaani kuna kelele za kawaida za masufuria na watoto.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Vioo vya ndege hizi havibandikwi kwa gundi kali ya haraka, kwa sababu gundi ile hutoa mvuke unaofanya kioo kiwe na ukungu mweupe usiotoka milele. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Bwana Gundi alitumia gundi nyeupe ya maji, ile ya watoto wa shule. Haina mvuke. Alikibonyeza kioo kwa kidole, akasubiri, akaachia.

Nyuma ya kioo aliketi binti yake, mguu umekunjwa.

Mama Rubani aliingia na chai. Ndipo alipoiona ndege kwa mara ya kwanza ikiwa kamili, na namba mkiani. Aliweka kikombe. Akaketi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka... sijui nilitaka nini, mke wangu."

Walikaa wakiitazama. Kelele za nje zikawa kama zimeingia chini ya blanketi.

Kioo kikapata ukungu.

"Umetumia gundi mbaya," Mama Rubani alisema taratibu. Ndoa ndefu humfundisha mtu mengi.

"Hapana. Nimetumia nyeupe."

Ukungu ukatoweka. Kioo kikawa safi kabisa.

Kisha ukarudi.

Ukatoweka.

Ukarudi...

Bwana Gundi alitaka kutoa utani. Maisha yake yote, jambo likimzidi kimo, hulitolea utani. Alifungua mdomo. Humo hamkuwa na utani.

"Anapumua," mkewe alinong'ona.

Na palepale, katikati ya ukungu, pakafutika kijiduara. Kidogo kama kichwa cha pini. Kilifutwa kwa mzunguko, mara moja, mara mbili, kama dereva anavyofuta kioo kwa mkono wa shati.

Kilifutwa kutoka ndani.

Kisha ikasikika.

*Ngo.*

*Ngo, ngo.*

Mama Rubani aliinyakua ndege, akaiweka mapajani, akaifunika kwa mikono yote miwili kama kifaranga. "Mwanangu. Mwanangu! Umefika. Uko nyumbani, usiogope, uko nyumbani." Machozi yalidondokea mabawa. Alicheka, na safari hii kicheko kilitoka kifuani, kile cha zamani, ambacho mumewe alidhani kimezikwa ndani ya lile jeneza. Kwa muda huo mfupi Bwana Gundi angewaachia wachawi wote wa dunia roho yake waigawane.

Lakini yeye alikuwa mhakiki, na jicho la mhakiki halijui kufumba. Aliuangalia ule ukungu. Mwanzo ulifunika kioo chote. Sasa ulifunika nusu. Uliofuata ulikuwa mdogo zaidi, na ulikuja upesi zaidi.

Aliipaka gundi ile yeye mwenyewe. Alijua jinsi ilivyoziba.

"Hewa inamwishia," alisema.

"Nani?"

"Mke wangu... tazama."

Alitazama. Na jinsi alivyotazama, jambo la pili likamfikia, taratibu, kama maji yanavyofika kwenye chumba cha mwisho cha nyumba. Uso uliotulia kwa miaka yote ile ukaanza kubomoka kuanzia mdomoni.

"Alipumua," alisema. "Baada ya kuanguka. Alikuwa anapumua. Alifuta kioo atazame kama tunakuja."

"Hatujui hivyo. Huu ni uchawi, wanaweza kutuonyesha chochote..."

"Walisema papo hapo."

"Najua walivyosema."

"Kitabuni yamo!"

Bwana Gundi alichukua msumeno wake mwembamba, ule wa wembe. Mkewe akarudi nyuma na ndege kifuani mpaka akagota ukutani.

"Usinisogelee na hicho kitu! Walinifungia mtoto kwenye sanduku, sikuonyeshwa hata unyayo. Leo nimempata. Ukifungua ataondoka."

"Ataondoka."

"Basi mwache! Mwache nimshike, hata hivi hivi alivyo. Sikuombi lingine."

"Mke wangu, anakosa pumzi. Kwa mara ya pili. Na safari hii tuko hapa."

Ukungu ulikuja, kidoa tu, pembeni mwa kioo. Ukaondoka. Ulichukua muda kurudi.

Mama Rubani alikunja magoti, akaketi sakafuni palepale alipokuwa. Akaiinua ndege kwa mikono miwili, kama anayempa mtu mtoto mchanga.

"Mfungulie," alisema. "Upesi, baba. Mfungulie!"

Mikono ya Bwana Gundi, ambayo haikuwahi kuteleza juu ya kipande hata kidogo kama chawa, iliteleza mpaka akajikata. Alipitisha wembe ukingoni, gundi nyeupe ikakubali, kioo kikaruka na kuangukia zulia.

Hakukuwa na kelele. Ilikuwa pumzi tu... ndefu, kama ya mtu aliyevua viatu vilivyombana kutwa. Pazia likapepea ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. Ikapita harufu ya mafuta ya nywele, yale ya chupa ya bluu, ambayo hakuna mtu aliyeyatumia tena nyumbani mle.

Ikaisha.

Yule mtu mdogo alikuwa ameketi palepale. Kichwa kilikuwa kimelalia bega. Bwana Gundi hata leo hawezi kuapa kama kilikuwa hivyo tangu boksini.

Walishikana, wawili hao, pale sakafuni, damu ya kidole ikichafua kanga ya mwenzake, na ulikuwa msiba kamili, ule ambao jeneza la misumari liliwanyima. Walilia kwa sauti. Walilia mpaka wakafika mahali penye utulivu kidogo.

*Ngo.*

Mama Rubani aliinua kichwa.

*Ngo. Ngo. Ngo.*

"Si umefungua?"

"Nimefungua."

Sauti haikutoka kwenye chumba cha rubani. Ilitoka nyuma yake. Tumboni. Kule kusiko na dirisha.

Kisha pakabishwa hodi.

*

Alikuwa yule mwanamke wa benchi. Aliingia bila kuvua shali, akatazama kioo zuliani, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta wageni wameshakula.

"Wenu ameenda," alisema.

"Ameenda," Mama Rubani alijibu. "Wewe ni nani, dada?"

"Mimi ni mama wa fundi."

Hakuna aliyehitaji kuuliza fundi yupi. Bwana Gundi alimwekea kiti. Mwanamke aliketi, akaomba ndege kwa kunyoosha mikono tu, akapewa.

Alisema machache, kwa sauti ya chini. Alikwenda mahali. Mahali gani, wasimuulize. Na aliyemhudumia hakumwona uso, maana alikaa nyuma ya moshi. Alipeleka plastiki aliyoiokota mwenyewe kule milimani, kwenye mabaki: vipande vya viti, mpini wa bisibisi ya mwanawe, vitu vilivyoyeyuka pamoja mpaka havijulikani ni nini, wala ni nani. Alirudishiwa boksi, na sharti moja: amtafute mjenzi asiyeacha kipande. Kipande kimoja kikibaki nje, wanarudi nusu.

"Nikasikia habari zako," alimwambia Bwana Gundi. "Kwamba kwa kanuni hata mtume hakufikii."

*Ngo. Ngo.*

Mwanamke alijibu kwa ukucha, juu ya ubavu wa ndege. *Tik, tik.* Kisha kutoka ndani, haraka, kwa pupa ya kutisha:

*Ngongongongo!*

Bwana Gundi aliokota msumeno. "Nipe, dada yangu. Nilimziba mimi, kwa kutokujua. Nitapasua hapa katikati, dakika moja tu atatoka."

"Weka chini."

"Anaomba kutoka!"

"Nasikia anachoomba. Mimi ni mama yake." Aliikumbatia ndege. "Mimi pia niliambiwa papo hapo. Afisa aliyekuja kwangu alileta na cheti cha pole. Nikamwambia, kijana, mwanangu alikuwa mtu wa nguvu, alikaa nyuma, ambako chuma ni kizito, una hakika? Akasema, mama, papo hapo. Watu wakaniona nimerukwa na akili." Aliinua ndege hadi kwenye sikio la Mama Rubani. "Haya, mwenzangu. Sikia hiyo papo hapo inavyogonga."

Mama Rubani alisikiliza. Hakuondoa sikio. Alipoongea, aliongea kama dada mkubwa.

"Umeshajua sasa. Ulitaka kujua, umejua. Mfungulie mtoto."

"Nikimfungulia atanyamaza."

"Atapumzika."

"Na mimi?"

Mama Rubani alimshika bega, yule mwanamke akauacha mkono ukae, kisha akasimama. Aliifunika ndege kwa ncha ya shali. Mlangoni aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza, akagonga kwa ukucha. *Tik, tik.* "Nipo," aliiambia shali. "Nipo, baba. Twende nyumbani."

Waliusikia ule mlio wa kugonga ukishuka barabara, mdogo, wa haraka, mpaka mbwa wa jirani akaufunika.

Uhakiki ule ulitoka kwenye jarida. Bwana Gundi alikisifu kitabu kwa picha zake, akaeleza pale mwandishi alipokosea aina ya magurudumu, halafu akaandika kwamba kwenye sura ya mwisho kuna maneno mawili ambayo mwandishi hakuyashuhudia, na mtu asiyeshuhudia angefaa aandike tu kuwa hajui. Mhariri alipiga simu kulalamika kwamba hapo hajaelewa. Aliambiwa ayachapishe hivyohivyo. Akayachapisha.

Asubuhi moja baada ya jarida kutoka, Mama Rubani alikwenda kufungua pazia la sebuleni, akaganda.

"Baba," aliita kwa kunong'ona. "Njoo. Polepole."

Nje, kuanzia kwenye ngazi mpaka ukuta unapopinda, walisimama watu. Wazee, wajane, mwanamke mwenye mimba, mwanamume mwenye kofia mkononi. Kila mmoja alikuwa amepakata boksi lililofungwa uzi, na harufu ya moto ilipenya chini ya mlango.

"Kuna ndege ngapi zilizoanguka?" Mama Rubani aliuliza.

"Hawa si wa ndege tu, mke wangu. Tazama lile refu. Ile ni meli. Na lile pale..."

"Wote waliambiwa papo hapo?"

"Nadhani wote waliambiwa."

Mama Rubani alifunga vizuri kanga yake kiunoni, akashika komeo. Kisha akafungua.

Mzee wa kwanza alivua kofia. Kwapani alikuwa na jarida lililokunjwa.

"Samahani, mwanangu," alisema. "Ni hapa mnapofungua?"

Na huko nyuma kwenye mstari, ndani ya boksi ambalo uzi wake haujaguswa, kitu kilikuwa kinagonga.